Hita ya maji ya gesi haiwaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tabora

Maswali haya yanaulizwa na wenye nyumba, wahudumu wa gesti na mafundi bomba wa Tabora, hasa Juni na Julai, asubuhi zinapokuwa za baridi na kila mtu anataka maji ya moto. Hita tunayoizungumzia ni ile ya ukutani isiyo na tangi, inayotumia gesi ya mtungi na kupasha maji yanapopita. Hita za umeme hazimo humu. Hita ya bwawa la kuogelea ina swali lake mwishoni.

Kama sasa hivi unasikia harufu ya gesi, acha mengine yote uende swali la 19.

## Namna inavyowaka

1. Hita hii inawashwa na nini? Mbona haina kitufe cha kuwashia?

Inawashwa na maji. Ukifungua bomba la maji ya moto, maji yanapita ndani ya hita na kusukuma kiwambo cha raba kilichomo kwenye vali ya maji. Kiwambo kinasukuma kipini, kipini kinagusa swichi ndogo, na swichi inaamsha saketi inayoendeshwa na betri mbili. Hapo ndipo unaposikia ta-ta-ta ya cheche, na papo hapo vali ya sumaku inafungua njia ya gesi. Moto ukishika, kijiti cha sensa kilichochomoza juu ya vichomeo kinauhisi na gesi inaendelea kupita. Kisipouhisi ndani ya sekunde chache, saketi inakata gesi.

Mpangilio huo ukikukaa kichwani umeshamaliza nusu ya kazi. Hita isiyowaka mara nyingi si mbovu. Inakataa kuwaka kwa sababu kuna kitu kimepungua: maji, betri, gesi au hewa. Hapa Tabora kinachopungua mara nyingi ni maji. Inasikitisha kuona mtu amenunua hita mpya wakati tatizo liko kwenye tangi, kwa sababu hiyo mpya nayo itakataa vilevile.

2. Haiwaki. Nianzie wapi?

Anza kwa kusikiliza. Fungua bomba la maji ya moto hadi mwisho, simama karibu na hita, utege sikio.

Ikiwa kimya kabisa, bila cheche, shida ni maji au betri: soma swali la 4 hadi la 9. Cheche zikilia bila moto, shida ni gesi: swali la 10 hadi la 14. Moto ukishika halafu ukazima, nenda swali la 15 hadi la 18.

Usifungue kifuniko kabla ya kufanya hivyo. Sikio litakuonyesha pa kuanzia upesi kuliko bisibisi.

3. Umeme ukikatika itawaka?

Zile za kawaida zenye betri zinawaka bila umeme wa ukutani. Zile zenye feni ya kusukuma moshi zina waya wa kuchomeka kwenye soketi, na umeme ukikatika hazifanyi kazi. Angalia tu kama yako ina waya huo. Ila kumbuka: kama maji yako yanasukumwa na pampu ya umeme, TANESCO wakikata hita yenye betri nayo itanyamaza, kwa sababu maji yatakuwa yamepungua nguvu.

## Kimya kabisa: maji na betri

4. Nafungua maji lakini hakuna hata mlio. Ni betri?

Huenda, na ndicho kitu rahisi zaidi kujaribu. Hita nyingi zinatumia betri mbili kubwa za tochi, volti 1.5 kila moja. Betri za bei ya chini zinaweza kuwasha tochi vizuri na bado zikashindwa kutoa cheche, kwa sababu cheche inataka nguvu nyingi kwa mkupuo. Nunua za alkalaini, weka mbili mpya kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Hakikisha alama za + na − zimekaa kama zilivyochorwa ndani ya kisanduku.

Ukikuta betri zimevuja na kuacha unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha, kisha sugua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Vyuma vyenye kutu huzuia umeme hata betri zikiwa mpya.

Betri zikiwa nzuri na bado kimya, nenda kwenye maji.

5. Nitajuaje kama maji yangu yanatosha kuwasha hita?

Tumia chupa ya maji ya kunywa ya lita 1.5 na saa ya simu. Fungua bomba la maji ya moto peke yake, hadi mwisho, kinga kwa chupa. Ikijaa kwa sekunde 30, unapata lita 3 kwa dakika, na hita nyingi zitawaka. Ikichukua sekunde 36, una lita 2.5, na hapo ndipo hita nyingi zinapoanza kusitasita. Ikipita sekunde 40, usitegemee cheche isipokuwa hita yako ni ya presha ndogo.

Pimia kwenye bomba lilelile unalotaka litoe maji ya moto. Bomba la uani linaweza kujaza chupa kwa sekunde 10 wakati shawa ya ghorofani inadondosha matone.

6. Tangi langu limeinuliwa. Mbona bado presha ni ndogo?

Kwa sababu kila mita 10 za kimo zinakupa bar 1 tu. Tangi lililo mita 2 juu ya shawa linatoa bar 0.2, na hita nyingi zinadai kati ya bar 0.2 na 0.3 kabla ya kuwaka. Mnara wa mita 3 ambao mtaani unaonekana mrefu unakuweka mpakani kabisa, na bado bomba litakula sehemu ya presha hiyo njiani.

Kinachohesabiwa ni kimo kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi tundu la shawa, na wala si kutoka chini ya mnara. Mnara wa mita 4 na shawa iliyofungwa mita 2 kutoka sakafuni unakuachia takriban mita 2 tu za kazi. Ndiyo maana hita iliyowaka jana tangi likiwa limejaa inakataa leo likiwa limebaki robo: usawa wa maji ukishuka mita moja, bar 0.1 imeondoka, na kwa aliyekuwa mpakani hiyo inatosha kuzima kila kitu.

Unene wa bomba nao una neno lake. Ukitoka tangini na bomba la nusu inchi, ukapitia kona nyingi na koki za bei rahisi zenye tundu dogo, nguvu inapotea kabla ya kufika. Shusha maji kutoka tangini kwa bomba la inchi moja au robo tatu, punguza kona, na uingie kwenye nusu inchi pale karibu na hita.

7. Nifunge pampu au nipandishe mnara?

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, pampu ndogo ya kuongeza presha inayojiwasha yenyewe maji yakianza kupita ndiyo nafuu. Inakaa kati ya tangi na hita, upande wa maji baridi. Usiifunge baada ya hita, kwa sababu nyingi hazikutengenezwa kupitisha maji ya moto.

Anayejenga upya ninamshauri mnara mrefu. Mnara haudai umeme, na mgao wa umeme hauusumbui. Njia ya tatu ni kununua hita ya presha ndogo. Kibati chake kinaonyesha presha ya chini kabisa inayoikubali. Kisome ukiwa dukani, kabla hujalipa.

8. Mimi natumia maji ya mamlaka moja kwa moja na yana nguvu. Mbona bado kimya?

Kwanza, hakikisha bomba hazikugeuzwa. Upande wa kuingilia maji baridi una alama ya bluu au mshale. Mafundi wakifunga kwa haraka huzigeuza, na hita iliyogeuzwa haiwaki kamwe hata presha iwe kubwa namna gani.

Pili, angalia chujio. Pale maji baridi yanapoingilia kuna kichujio kidogo cha waya, na kinaziba. Tangu maji ya Ziwa Viktoria yafike Tabora watu wengi wamesahau shida za zamani, lakini kila maji yakikatika na kurudi yanakuja na tope na kutu ya mabomba. Wanaotumia visima wana mchanga. Funga koki ya maji, fungua nati, toa chujio, lisugue kwa mswaki wa zamani, rudisha. Halafu fungua kichwa cha shawa ukisafishe pia, kwa sababu vitundu vilivyoziba kwa chokaa vinapunguza maji kiasi kilekile. Kichwa cha shawa chenye chokaa kiloweke usiku mzima kwenye siki.

Kama umefanya hayo na jaribio la chupa limepita, basi shauri ni la kiwambo.

9. Fundi anasema raba ya hita imechanika. Ni kweli inaharibika?

Ni kweli, na ni kipuri cha bei ndogo. Kiwambo ni duara la raba lenye upana unaokaribia kiganja, limebanwa kati ya vipande viwili vya shaba au plastiki kwa skrubu. Kikichoka, maji yanapenya pande zote mbili za raba, presha inakuwa sawa huku na huku, na kipini hakisogei tena. Maji yanatoka bombani vizuri, hita haishtuki.

Mwombe fundi akuonyeshe. Ukiivuta raba taratibu kwa vidole gumba kuelekea mwanga wa jua, utaona ufa mwembamba kwenye mkunjo wa duara, unaofunguka ukivuta na kujifunga ukiachia. Ufa huo ndio unaofanya hita iwake siku moja na kugoma siku mbili zinazofuata. Nenda dukani na raba ya zamani mkononi, kwa sababu vipimo vinatofautiana kwa milimita chache na isiyolingana itavuja.

Wakati vali iko wazi, angalia kama kipini kinateleza. Kikiwa kimeshika kutu kisafishe na ukipake grisi ya silikoni. Usitumie mafuta ya kupikia wala grisi ya gari, yanaila raba.

## Cheche zipo, moto hakuna

10. Nimebadilisha mtungi leo na hita inatoa cheche tu. Imeharibika?

Hapana. Mpira wa gesi umejaa hewa na gesi haijafika. Fungua maji, acha cheche zilie mpaka zikome zenyewe, funga maji, subiri kama dakika moja, rudia. Kwa mpira mrefu inaweza kuhitaji mara kadhaa. Hiyo dakika ya kusubiri usiiruke, kwa sababu gesi iliyotoka bila kuwaka inabidi itawanyike kwanza.

Isiposhika, funga vali ya mtungi kisha uifungue polepole sana. Baadhi ya regulata zina kinga inayojifunga gesi ikitoka kwa kishindo, na mtu akizungusha vali kwa nguvu kinga inadhani mpira umekatika. Nyingine zina geji ya kubonyeza ili gesi ianze kupita.

11. Nitajuaje kama mtungi bado una gesi? Geji inaonyesha umejaa.

Usiitegemee geji. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, na maadamu kuna kimiminika presha inabaki karibu palepale. Geji itakuonyesha umejaa mpaka karibu na mwisho, halafu ianguke ghafla.

Pima kwa mizani. Kila mtungi umeandikwa uzito wake mtupu, kwenye shingo au kwenye mpini. Toa uzito huo kwenye uliopima, kinachobaki ni gesi. Mtungi wa kilo 15 uliobaki na chini ya kilo 1 unaweza kupika chai na bado ukashindwa kuilisha hita, kwa sababu hita inakula kwa kasi kubwa zaidi. Ndiyo sababu jibu la "jiko linawaka, kwa hiyo gesi ipo" haliridhishi.

12. Regulata ya jiko inafaa kwenye hita?

Inategemea namba mbili zilizoandikwa juu yake. Ya kwanza ni presha: hita za gesi ya mtungi nyingi zinataka milibar 28 hadi 30, sawa na jiko la nyumbani. Hapo hakuna ugomvi. Ya pili ni kiasi cha gesi inachoweza kupitisha kwa saa, na hapo ndipo watu wanapokwama.

Hita ya lita 6 (yaani lita za maji ya moto kwa dakika) ina nguvu ya takriban kilowati 12, nayo ikiwaka kwa nguvu yote inakula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Ya lita 10, yenye takriban kilowati 20, inakula kama kilo 1.6. Regulata iliyoandikwa 1 kg/h haiwezi kuilisha hita ya lita 10: moto utashika kidogo, utapungua, utazima. Tafuta yenye 2.

Regulata nyekundu ya presha kubwa, ile ya majiko ya mama lishe na mahoteli, isifungwe kwenye hita kwa hali yoyote. Inaweza kuharibu vali za ndani na kutoa moto mkubwa kuliko hita inavyostahimili.

13. Hita ilikaa tangu masika bila kutumika. Sasa cheche ni nyingi lakini moto haushiki, au unashika upande mmoja.

Kuna mdudu ndani. Buibui wanapenda kutanda kwenye mirija ya vichomeo, na nyigu wanaojenga kwa udongo huziba kabisa tundu la gesi. Gesti moja mtaa wa Cheyo iliwahi kutoa kichomeo chenye donge la udongo mkavu ndani ya mrija, gumu kiasi cha kuhitaji msumari kulivunja, na ndani yake vifuko vya mabuu vimejipanga. Hita ilikuwa nzima, na fundi wa kwanza alikuwa ameshaagiza nyingine.

Funga mtungi, toa betri, kisha fundi atoe vichomeo na kuvipitisha brashi ya chupa na hewa ya pampu ya baiskeli. Nozeli ndogo za shaba zisitobolewe kwa sindano, kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo moto unabadilika rangi na kutoa masizi. Zipulize tu, au ziloweke kwenye spiriti.

Ili isirudie, washa hita walau mara moja kila wiki mbili hata msimu wa joto.

14. Nimeuziwa hita ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Inawaka moto mkubwa wa njano, au haiwaki kabisa.

Soma kibati. Hita iliyotengenezwa kwa gesi asilia si sawa na ya gesi ya mtungi, ingawa kwa nje zinafanana. Gesi asilia ya Songosongo na Mnazi Bay inasafiri kwa mabomba na haifiki Tabora; sisi tunatumia ya mtungi, yaani propani na butani, yenye nishati nyingi zaidi kwa ujazo. Nozeli za hita ya gesi asilia zina tundu kubwa, kwa hiyo gesi ya mtungi inapita kupita kiasi.

Kibati kikisema LPG, yaani gesi ya mtungi, 2800 Pa au 30 mbar, uko salama. Kikisema NG au gesi asilia, usiiwashe. Kubadilisha nozeli peke yake bila vali ya gesi inayolingana si matengenezo.

## Inawaka halafu inazima

15. Moto unashika sekunde tatu nne, halafu unazima. Tena na tena.

Sensa haiuoni moto. Kuna vijiti viwili karibu na vichomeo: kimoja cha cheche, kingine cha sensa. Cha sensa kikiwa na masizi au kutu, au kikiwa kimepinda kutoka kwenye ulimi wa moto, saketi inaamini hakuna moto na kukata gesi. Inafanya kazi yake sawasawa. Sugua kijiti kwa msasa laini, hakikisha ncha yake inazama kwenye moto, na angalia waya wake haujalegea.

Kama si sensa, jaribu betri (swali la 4). Betri dhaifu zinatoa cheche lakini zinashindwa kuishikilia vali ya sumaku.

16. Inazima kila baada ya dakika 20 hivi.

Hita nyingi zina kipima muda cha dakika 20 kwa usalama. Funga maji, fungua tena, itawaka. Kwenye gesti ambapo wageni wanaoga kwa kufuatana, hilo si hitilafu.

17. Asubuhi inawaka vizuri, mchana wa Oktoba inazima baada ya muda mfupi. Kwa nini?

Kwa sababu maji yameshapata moto kwenye tangi jeusi juani. Hita inaongeza moto juu ya moto, kinga ya joto inakata. Punguza gesi hadi chini kabisa, au kama hita ina kitufe cha msimu kiweke kwenye kiangazi ili vichomeo vichache tu viwake. Saa tisa alasiri ya Oktoba, kusema kweli, hita yenyewe huihitaji.

Kosa linalofanana na hilo ni la kuchanganya maji. Mtu anafungua ya moto, anaona yanaunguza, anafungua baridi kwa wingi. Presha ya baridi inarudisha nyuma ya moto, maji yanayopita kwenye hita yanashuka chini ya lita 2.5, hita inazima, mtu anamwagikiwa na baridi. Kinachotakiwa ni kushusha gesi kwenye kitufe cha hita, uoge na maji ya moto peke yake au na baridi kidogo sana.

18. Mtungi wa kilo 6 unatoa jasho na hita inafifia. Ni mtungi mbovu?

Si mbovu, ni mdogo. Kimiminika kinapogeuka gesi kinachukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Hita inavuta haraka, mtungi unapoa, presha inashuka, moto unafifia mpaka unazima. Asubuhi za Juni inatokea mapema zaidi. Tumia mtungi wa kilo 15 au wa kilo 38. Mtungi mdogo usimwagiwe maji ya moto wala kusogezwa kwenye moto ili kuuamsha.

## Usalama

19. Nasikia harufu ya gesi. Nifanye nini?

Funga vali ya mtungi. Usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kibiriti, usipige simu ukiwa humo ndani. Fungua milango na madirisha, toa watu wote nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na mifereji, kwa hiyo milango ya chini ifunguliwe zaidi kuliko madirisha ya juu. Ukiwa nje na mbali, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Harufu ikishaisha, tafuta mvujo kwa povu la sabuni kwenye mpira, kwenye klipu na kwenye regulata: penye mvujo mapovu yatavimba. Kamwe usitumie moto. Panya hutafuna mipira, na raba nayo huzeeka. Mpira uliopasuka ngozi au kuwa mgumu ubadilishwe hata kama hauvuji.

20. Hita inachelewa, halafu inawaka kwa kishindo, pufu! Niendelee kuitumia?

Usiendelee hata mara moja. Gesi inajikusanya kabla ya cheche kushika, na kila siku inaweza kujikusanya zaidi. Mara nyingi ni betri dhaifu, kijiti cha cheche kilichopinda, au vichomeo vilivyoziba (swali la 4 na la 13). Funga mtungi mpaka itengenezwe.

21. Naweza kuifunga bafuni ili bomba liwe fupi?

Hapana. Hili nalisema kwa msisitizo wote, kwa sababu bado ninaona hita ndani ya bafu dogo la gesti, dirisha limezibwa kwa ajili ya mbu. Moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeoga anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inaisha nguvu, na huanguka kabla ya kufika mlangoni. Gesti ikipoteza mgeni hivyo, watu husema alikuwa na presha.

Hita ikae ukuta wa nje chini ya paa, au kwenye chumba chenye upenyo wa hewa usiofungwa, na bomba la moshi litoke nje. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiona njano na masizi, zima umwite fundi. Mtu akipatwa na dalili hizo, mtoe kwenye hewa safi kwanza, kisha hospitali hata akisema ameshapata nafuu.

22. Nyuki wameingia kwenye bomba la moshi. Nivukize?

Kwenye mkoa wa asali kama huu, bomba la moshi lisilotumika ni mzinga tayari. Usiwashe hita ili kuwafukuza: bomba limezibwa, moshi wote utarudi ndani. Funga mtungi na umwite mrina asali awatoe. Baadaye bomba lisafishwe nta yote na mdomo uwekewe wavu wa chuma wenye macho mapana, yasiyoziba moshi. Usitumie wavu wa mbu, unashika masizi.

23. Fundi amesema ataunganisha waya ili swichi ya maji isisumbue. Nikubali?

Mkatalie. Swichi hiyo ndiyo inayojua kama maji yapo. Ukiiruka, hita itawaka bila maji, mabomba ya shaba ndani yatayeyuka kwenye maungio, na anayefungua bomba atapigwa na mvuke. Hali ni hiyohiyo kwa sensa ya moto na kinga ya joto. Fundi anayependekeza hivyo hajakagua maji. Mpe chupa ya swali la 5.

## Maswali ya pembeni

24. Tabora iko juu. Kimo kinazuia hita kuwaka?

Hakizuii. Tupo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa iko chini kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani. Hita itatoa nguvu pungufu kidogo. Fundi akikwambia ni kimo, mrudishe swali la 2.

25. Hita na jiko vinaweza kutumia mtungi mmoja?

Vinaweza, kwa kigawanyio chenye koki mbili na regulata inayotosheleza vyote. Jumlisha ulaji wa vyote viwili kwa hesabu ya swali la 12. Moto wa jiko ukishuka mtu anapooga, regulata au mtungi ni mdogo.

26. Tuna hoteli Kigoma yenye bwawa la kuogelea na hita ya gesi. Nayo haiwaki. Mambo ni hayahaya?

Asili ni ileile, vipimo ni vikubwa. Hita ya bwawa nayo inasubiri maji kwanza: ina swichi ya presha isiyoruhusu cheche mpaka pampu ya chujio isukume vya kutosha. Kwa hiyo anza na pampu. Inazunguka, au saa yake imeizima? Kikapu cha pampu kimejaa majani ya miembe? Geji ya chujio imepanda kuliko kawaida, dalili kwamba chujio limeziba? Baada ya kusafisha chujio kwa kurudisha maji nyuma, koki zote zilirudishwa mahali pake? Hilo la mwisho linasahaulika mno.

Kisha angalia joto lililowekwa. Mabwawa mengi huwekwa nyuzi 26 hadi 28, na kwa jua la Kigoma maji yanaweza kuwa yameshafika huko bila msaada. Hita haina sababu ya kuwaka.

Kwenye gesi ndipo hesabu inapobadilika. Hita ya kilowati 100 inakula karibu kilo 8 kwa saa, na mtungi mmoja, hata wa kilo 38, hauwezi kugeuza kimiminika kuwa gesi kwa kasi hiyo muda mrefu (swali la 18). Inahitaji mitungi kadhaa iliyounganishwa pamoja, mabomba manene na regulata yake maalumu, kwa presha iliyoandikwa kwenye kibati cha hita. Hita iliyowaka vizuri siku ya majaribio kisha ikawa inazima baada ya nusu saa, mara nyingi shida yake ni hiyo.

Na kama sehemu za ndani zimeliwa na kutu mapema, tazama klorini inaingilia wapi. Inatakiwa iingie baada ya hita, na pH ya maji ikae kati ya 7.2 na 7.8. Klorini inayopitia kwenye hita ikiwa kali inakula shaba, na hita iliyotoboka ndani hairudishwi kwa kubadilisha betri wala vijiti vya cheche.